Mgonjwa wa ini nyumbani: mambo ya kuzingatia kabla hajatapika damu

Mgonjwa wa ini akianza kutapika damu usiku kule Makete au Ileje, hamtakuwa na nafasi ya kuulizana. Jipangeni sasa, angali anakula na kuongea.

Kwanza mjue kama yumo hatarini. Ini lililosinyaa kwa homa ya ini B au C, au kwa miaka mingi ya pombe (iwe komoni, ulanzi au bia, ini halichagui), huzuia damu kupita. Kichocho cha tumbo nacho huleta hali hiyo. Damu ikikosa njia hurudi nyuma na kujaa kwenye mishipa ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) mpaka ikavimba. Mwenye maji tumboni au bandama lililovimba aombe mapema kipimo cha kamera inayoingizwa mdomoni hadi tumboni.

Majibu yakitoka, msiridhike na kuambiwa “mishipa imevimba”. Kwenye kioo huonekana kama vifundo vya rangi ya samawati vinavyoshuka kuelekea tumboni. Ulizeni ni mikubwa kiasi gani, na zaidi ya hapo ulizeni kama ina michirizi myekundu juu yake, maana hiyo ndiyo dalili ya ukuta uliodhoofika, unaoweza kupasuka. Mikubwa au yenye michirizi huhitaji dawa kama propranololi au kavediloli, au kufungwa kwa vipira kupitia kamera hiyohiyo.

Ulizeni pia hospitali ipi, Mbeya au Iringa, ina kamera inayofanya kazi. Damu ikitoka, mgonjwa anatakiwa apigwe kamera ndani ya saa 12 tangu afike, baada ya presha yake kuimarishwa. Hata hivyo anzeni na kituo cha karibu: dripu na sindano ya antibayotiki vinaokoa maisha kabla ya safari. Watafuteni ndugu watatu wanne walio tayari kutoa damu.

Diklofenaki na aspirini ziondoke nyumbani kwake, hata akilalamika mgongo.

Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vikali, ni damu, hata kama hajatapika. Vidonge vya madini chuma navyo huweka choo cheusi, ila hakinati hivyo. Mkiwa na shaka, nendeni.

Akitapika, mlazeni ubavu, na msimpe chochote mdomoni, hata yale maziwa ambayo wengi hukimbilia kumnywesha.