Jinsi ya kwenda Andes na kikundi kidogo ukitokea Dodoma

Wakuu, mkitaka kwenda Peru kukaa na wanakijiji wa milima ya Andes nendeni watu sita hivi, mkizidi hapo mnakua msafara wa harusi. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Cusco, mji mtakaotua, ni 3,400 na hewa ni nyepesi, kwahiyo mkitua shukeni kwanza Ollantaytambo, mji mdogo wa chini kidogo, mita 2,800 hivi, mlale siku mbili mwili uzoee, chai ya majani ya koka mkipewa kunyweni ila msirudi na hata jani moja, bongo hayo ni madawa. Kwenye mji mdogo wa Chinchero mtaona wamama wanafuma, wanaponda kidudu cha dungusi kiganjani kinatoa rangi ya nyuzi, nyekundu kama damu, wakikamulia limao inageuka chungwa, hapo tulieni muangalie. Salamu ya Kikechua, lugha ya wenyeji, ni "allillanchu". Simbilisi (guinea pig) wa kuchoma akiletwa usikunje sura, mbona mlenda wetu nao wageni wanaushangaa.