Kujiunga na Tawi la Enactus Chuoni, au Kulianzisha Pale Ambapo Halipo

Enactus ni mtandao wa wanafunzi wa vyuo vikuu ulioanza Marekani mwaka 1975 kwa jina la Students in Free Enterprise, au SIFE kwa kifupi, na ukabadilisha jina mwaka 2012. Nchini Kenya una ofisi ya kitaifa inayoratibu matawi ya vyuo, na kazi ya kila tawi ni moja: wanafunzi hutafuta jamii ambayo kipato chake kimekwama, huketi nayo, kisha hushirikiana nayo kujenga shughuli ya biashara itakayoendelea hata wao watakapokuwa wamehitimu na kuondoka. Nimelitanguliza hili kwa sababu wanafunzi wengi huingia wakitarajia kufundishwa mbinu za kutajirika, na hukata tamaa pale wanapokabidhiwa daftari na kutumwa sokoni.

Ikiwa chuo chako tayari kina tawi, kujiunga ni jambo jepesi. Matawi mengi huandikisha wanachama mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na si lazima uwe unasomea biashara. Mwanafunzi wa kilimo, uhandisi au lishe mara nyingi ndiye anayekosekana. Kabla ya kulipa ada ya uanachama, uliza ni mradi gani unaoendelea sasa na uombe kupelekwa mahali ulipo. Tawi lisiloweza kukufikisha kwa mtu hata mmoja ambaye maisha yake yanaguswa na mradi huo lina vyeo tu.

Pale ambapo tawi halipo, anza na watu watano au sita wanaoaminika, badala ya kukusanya mamia katika kundi la WhatsApp, na hakikisha kwamba angalau nusu yao wako mwaka wa kwanza au wa pili. Nimeona klabu nzuri zikizikwa siku ya mahafali kwa sababu waasisi wote walikuwa wa mwaka wa nne. Hatua inayofuata ni kumpata mhadhiri atakayekuwa mlezi, kwa maana ndiye atakayetia sahihi barua zenu, kuwaombea basi la chuo na kuwatetea pale ratiba ya mradi inapogongana na ya masomo. Mwendeeni na ukurasa mmoja unaoeleza tatizo mnalotaka kushughulikia na saa ngapi kwa mwezi mnazoomba kwake, na kama mna nafasi ya kuchagua, mchagueni mhadhiri anayepokea simu kuliko profesa mwenye jina kubwa asiyepatikana.

Baada ya hapo, pelekeni maombi ya usajili katika ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi. Masharti hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini kwa kawaida mtahitaji katiba, orodha ya wanachama na nambari zao za usajili, kumbukumbu za mkutano wa kwanza na barua ya mlezi. Wakati huohuo iandikieni ofisi ya kitaifa ya Enactus mkiomba kutambuliwa, na msichapishe nembo yake kwenye fulana wala mabango kabla ya kukubaliwa.

Katika katiba, sehemu inayostahili usiku mzima wa mjadala ni ile ya fedha. Klabu niliyokuwamo nikiwa mwanafunzi ilihifadhi michango yake kwenye M-Pesa ya mwekahazina, kijana mwaminifu kabisa, na alipokwenda mafunzo ya nyanjani simu yake ikapotea, tulikaa majuma matatu bila kuweza kununua hata mbao. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, mlezi akiwa mmoja wao, na kila mwezi mwekahazina asome hesabu mbele ya wanachama wote.

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza, na hapa nawasihi msiwe na haraka. Tuseme chuo chenu kiko karibu na Ziwa Victoria na mnataka kushirikiana na akina mama wanaoanika omena, yaani dagaa wa ziwani. Msiende na suluhisho mkononi. Nendeni alfajiri mashua zinapotia nanga, mwone mama akinunua kwa beseni, akitandaza omena juu ya nyavu kuukuu zilizolazwa mchangani, akizigeuza kwa mkono huku akifukuza kuku. Mwulizeni amenunua kwa bei gani, amelipa nani kubeba, anauza gorogoro (mikebe ya kupimia) ngapi na kwa nani, na mwandike majibu yake kama alivyoyatamka. Mtakuja kugundua kwamba hasara kubwa haitokani na kukosa mtaji, bali na mvua ya masika: omena zikilowa huharibika au huchanganyika na mchanga, na mzigo uliokusudiwa kuliwa na watu huishia kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha mifugo. Vichanja vya mbao na wavu, vilivyoinuliwa kutoka ardhini na kuwa na turubai la kufunika, huenda vikawafaa kuliko semina kumi za ujasiriamali. Jengeni kimoja kwanza, mkitumie pamoja nao kwa mwezi mzima, na mwandike mauzo ya kabla na ya baada.

Daftari hilo ndilo litakalowabeba katika mashindano ya kitaifa ya kila mwaka, ambapo matawi huwasilisha miradi yao mbele ya majaji kutoka sekta ya biashara, na bingwa huiwakilisha nchi katika Kombe la Dunia la Enactus. Majaji huuliza ni watu wangapi wamefaidika, kipato chao kilikuwa kiasi gani na sasa ni kiasi gani, na hakuna picha nzuri inayoweza kujibu maswali hayo.

Uchaguzi wa viongozi wapya ufanyike mapema katika muhula wa pili, ili wanaoondoka wapate wiki kadhaa za kufanya kazi bega kwa bega na wanaoingia. Mwenyekiti anayeondoka akabidhi daftari, nywila na funguo za stoo, kisha ampeleke mwenzake ufuoni amtambulishe kwa kila mama kwa jina lake, kabla ya mitihani kuanza.