Kipimio cha baruti: jinsi ya kukichagua na kukitumia ukijaza risasi upya

Watu wengi wakianza kujaza risasi wenyewe, yaani kuyajaza tena maganda yaliyokwishapigwa, hela yote inaishia kwenye presi (mashine ya mkono ya kubania ganda na kichwa) na dai zake (vyuma vya kulipa ganda umbo), alafu kipimio cha baruti wanachukua tu kile kilichokuja ndani ya seti. Mi naona hapo ndo pa kutuliza akili zaidi kuliko pengine popote, maana presi mbovu itakupa risasi isiyoingia vizuri kwenye chemba na utaliona tatizo hapohapo, ila baruti ikizidi huioni mpaka umeshavuta triga. (Naongea na mtu mwenye leseni yake na ambae sheria ya kwao inamruhusu kujaza risasi, kama haikuruhusu basi ishia hapa.)

Kitu cha kwanza kabisa kuelewa, na ukikielewa hichi mengine yote yanakaa sawa, ni kwamba kipimio hakipimi uzito. Kinapima ujazo. Juu kuna hopa ya kuwekea baruti, chini yake kuna dramu yenye tundu, ukisukuma mkono upande mmoja tundu linajaa, ukiurudisha dramu inageuka na baruti inashuka kwenye mrija mpaka ndani ya ganda. Basi, hakuna cha zaidi. Chenyewe hakijui umeweka baruti gani wala ina uzito gani. Kitabu cha vipimo nacho kinakupa uzito, tena kwa greni, na greni moja ni kama gramu 0.065 hivi, yaani gramu moja ina greni 15 na kidogo, kwahiyo unaona tunaongelea vitu vidogo kiasi gani. Wa kuoanisha ujazo na uzito ni wewe ukiwa na mizani. Kama huna mizani usinunue kipimio kwanza, nunua mizani, na ununue na vile vijiwe vya kuihakikishia vyenye uzito unaojulikana.

Sasa kuchagua. Usianze kuuliza kampuni gani nzuri, anza na baruti unayotumia, kwa sababu umbo la chembe ndo linaamua. Kuna baruti ya chembe za duara, hii inatiririka kama mchele mkavu na karibu kipimio chochote kinaiweza, kizuri kinakupa tofauti isiyozidi greni 0.1 kati ya kipimo na kipimo. Kuna ya vibapa bapa, iko sana kwenye bastola na shotigani, inapimika lakini kwenye kiasi kidogo inayumba. Alafu kuna ya vijiti, hii ndo inawatesa watu wa raifo, vijiti vinalala vibaya, vingine vinakaa kwenye ukingo wa tundu na dramu ikigeuka inavikata, unausikia kabisa mkono unakwama kidogo halafu unakatika kra. Kwenye vijiti tofauti ya greni 0.2 au 0.3 ni ya kawaida tu hata kwa kipimio cha bei.

Na hiyo tofauti usiiangalie peke yake, iangalie ukilinganisha na kiasi unachojaza. Mtu wa bastola anaeweka greni 4, akikosea 0.2 kakosea asilimia 5 nzima. Mtu wa raifo anaeweka greni 44, hiyohiyo 0.2 haifiki hata nusu ya asilimia. Ndo maana ukijaza bastola unataka dramu ndogo, yenye tundu jembamba na refu badala ya pana na fupi, kwasababu tundu pana likijaa vibaya kidogo tu juu unapoteza kingi. Vipimio kama RCBS Uniflow vina dramu mbili za kuchagua, ndogo na kubwa. Redding 3BR ina maikromita (skrubu yenye namba) ya kurekebishia ujazo, na unaweza kupata tundu lake la kupimia la kiasi cha bastola. Lyman 55 ina slaidi tatu za kurekebisha ujazo na kinyundo kidogo cha kugonga ili baruti ishuke yote. Lee Perfect ni ya plastiki na bei yake rahisi na watu wanaidharau, ila kwenye vijiti inafanya kazi nzuri kuliko wanavyodhani maana ile sehemu inayofuta juu ya tundu ni laini, inakubali kijiti kipite badala ya kukikata. Ubaya wake ni kwamba baruti ya chembe ndogo sana inavuja pembeni ya dramu. Kwahiyo ukiwa wa vijiti usione aibu kununua hiyo, ukiwa wa chembe ndogo za duara tafuta ya chuma.

Zile za umeme zinazopima na kumwaga zenyewe ni kitu tofauti, zile kweli zinapima uzito. Nzuri kwa raifo ya masafa marefu, ila ni za polepole na zina tabia zake, lazima ziwake muda kwanza zipate joto, hazitaki upepo wa feni, hazitaki simu karibu. Kwa mtu anaejaza bastola mia mbili kwa mkupuo bado mkono unashinda.

Kikifika nyumbani kikiwa kipya usikimbilie kujaza. Kifungue, ukisafishe mafuta ya kiwandani yote kwa kitu cha kuondolea grisi na ukikaushe kabisa, maana mafuta yanagandisha chembe na yanaharibu baruti. Hopa ya plastiki mara nyingi ina umeme tuli, utaona chembe zimenata ukutani hazishuki. Dawa yake ni kuifuta na kile kitambaa cha kuweka kwenye mashine ya kukaushia nguo, na pia kupitisha baruti mara nyingi tu na kuirudisha, kwasababu chembe za baruti zimepakwa grafaiti na ile grafaiti ikishatanda ndani umeme unapungua na kila kitu kinateleza vizuri. Kifunge kwenye meza imara isiyotikisika. Kama presi iko meza hiyohiyo na meza inacheza, kila ukivuta presi baruti ndani ya hopa inajishindilia, na ikishindiliwa ujazo uleule unakuwa mzito zaidi.

Hapo sasa ndo moyo wa kazi. Kwenye meza kuwe na kopo moja tu la baruti, mengine yote kabatini. Mimina mpaka hopa ifike kama theluthi mbili, na uweke kile kibati cha ndani kinachobeba uzito wa baruti ya juu ili tundu lisisikie tofauti hopa ikijaa au ikipungua, kama chako hakina kitafute au ukate mwenyewe. Piga mkono mara kumi mpaka ishirini na kurudisha yote juu bila kupima chochote, acha baruti itulie kwanza. Baada ya hapo anza kurekebisha, ukianzia chini, kwenye kiwango cha kuanzia cha kitabu na sio cha juu kabisa. Ukikaribia uzito unaotaka usipime kipimo kimoja kimoja, mwaga vipimo kumi kwenye kisahani cha mizani upime kwa pamoja alafu ugawe kwa kumi, unapata wastani wa kweli kabisa. Halafu pima vitano kimoja kimoja uone vinatofautiana kiasi gani. Wastani mzuri na vipimo vinavyorukaruka bado ni tatizo, na vipimo vinavyofanana na wastani mbaya ni tatizo pia, unahitaji vyote viwili vikae sawa.

Kipimio cha maikromita kikikupa namba iandike kwenye daftari, itakusaidia kufika karibu haraka siku nyingine, ila usiichukulie kuwa ndo uzito. Baruti ya jina lilelile kwenye kopo la toleo jingine inaweza kuwa nzito au nyepesi kidogo kwa ujazo uleule, na unyevu wa hewa nao unachangia. Kila siku unaanza na mizani.

Mkono wako ndo sehemu ya mashine inayokosea zaidi. Spidi ileile, nguvu ileile, ufike mwisho uleule, usimame kidogo juu tundu lijae, kama ni wa kugonga basi gonga kila mara, kama sio usigonge kabisa. Ukisikia kijiti kinakatika usilazimishe, rudi kidogo uendelee, na hicho kipimo pamoja na kinachofuata virudishe kwenye hopa kwasababu mtikisiko umeshashindilia baruti. Baada ya kila risasi kumi au ishirini weka kimoja kwenye mizani. Hopa isishuke chini ya theluthi, na ukiongeza baruti piga tena vipimo kadhaa uvirudishe juu kabla ya kuendelea.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni baruti kukwama kwenye mrija. Vijiti au vibapa vinajipanga na kuziba, ganda hili linapata kidogo au halipati kabisa, alafu mtikisiko unaofuata unaachia yote na ganda la pili linabeba la kwake na la mwenzie. Makosa mawili kwa mkupuo, na yote mawili yanaweza kuharibu bunduki. Lisilo na baruti, praima (kile kifataki cha kitakoni mwa ganda) inaweza kusukuma kichwa cha risasi kikaishia katikati ya mtutu, ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. (Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida simama hapohapo, toa risasi zote, angalia mtutu uko wazi.) Kwahiyo panga maganda kwenye trei, yasiyojazwa yakiwa yamepinduliwa mdomo chini upande mmoja, likishajazwa linahamia trei nyingine limesimama, na kabla ya kuweka kichwa hata kimoja shika tochi uangalie ndani ya kila ganda, kimo kiwe sawa kwa yote. Kwenye bastola chagua baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda kama kitabu kinakuruhusu, ukiweka mara mbili itamwagika nje na utaona. Zile zinazokaa kidogo chini kabisa zinameza mara mbili na nafasi inabaki.

Kwa wanaotaka kila risasi iwe sawa kabisa kwa masafa marefu, kiweke kipimio kimwage pungufu greni 0.5 hivi, alafu malizia chembe chembe kwa mkono juu ya mizani. Vijiti vinakuwa havina shida tena.

Baruti nyeusi ya gobori usiipitishe kwenye kipimio hichi, ile inashika moto kwa cheche ndogo sana na ina vipimio vyake. Na baruti isiyo na moshi, yaani hii tuliyokuwa tunaiongelea muda wote, isiingie kwenye gobori kamwe.

Ukimaliza toa baruti yote, usiiache kwenye hopa hata usiku mmoja. Zile zenye nitroglisarini zinaila plastiki mpaka inakuwa na ukungu, na mwanga unaharibu baruti yoyote. Irudishe kwenye kopo lake lilelile, ambalo lilikuwa palepale mezani muda wote, alafu piga mkono mara kadhaa hopa ikiwa tupu maana dramu inabaki na kipimo kizima ndani, na ugonge mrija. Ukikuta hopa ina baruti na huna uhakika ni ipi, usiibahatishe kwa rangi wala umbo, zinafanana sana, na usiirudishe kwenye kopo lolote. Hiyo ni ya kutupwa.