Dania ya dirishani, kwenye ndoo ya lita 10

Dania, au kotimiri kama wengi wanavyoiita, haipendi kuhamishwa. Mzizi wake mkuu hushuka wima kama msumari. Ukikatika, mche hudumaa na kukimbilia kutoa maua. Kwa hiyo sahau kitalu. Panda mbegu palepale itakapokulia, kwenye chombo chenye kina cha sm 20 au zaidi. Ndoo kuukuu ya mafuta ya kupikia inafaa sana.

Toboa matundu 6 kwenye kitako kwa msumari uliopashwa moto, kila tundu liweze kupitisha penseli. Usitandike kokoto chini. Wengi huziweka wakidhani zinasaidia maji kutoka, kumbe maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa chepechepe. Unachopata ni tope lililosogezwa karibu na mizizi. Kipande cha wavu wa dirisha juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Changanya makopo 2 ya udongo mweusi, kopo 1 la mboji au samadi iliyooza mpaka ikaacha kunuka, na kopo 1 la mchanga wa mto. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Jaza ndoo ukibakiza sm 3 kutoka ukingoni.

Mbegu zinazouzwa dukani kama kiungo zinaota, mradi ni nzima, hazijakaangwa na hazijakaa sana. Kile kipira unachokiona ni tunda, na ndani yake mna mbegu 2. Vitandaze vipira kwenye kibao cha chapati, upitishe mti wa kusukumia kwa mkono mwepesi mpaka usikie vinapasuka. Vikianza kuwa unga, umezidisha nguvu. Loweka usiku kucha, kisha asubuhi panda kwa kina cha sm 1, nafasi ya sm 3 kati ya mbegu na mbegu. Mwagilia kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, maana maji ya kikombe hufukua mbegu zote na kuzirundika upande mmoja.

Zitachomoza baada ya siku 7 hadi 14, pengine zaidi kama kuna baridi. Hapa pana kosa linaloua dania nyingi: majani 2 ya kwanza ni marefu, membamba na laini, hayafanani hata kidogo na dania, na watu huyang'oa wakidhani ni magugu. Subiri jani la tatu. Hilo ndilo lenye meno, na ukilifikicha harufu inajitambulisha.

Dirisha la mashariki ndilo bora. Katika nchi zetu za Ikweta jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, lakini jua la asubuhi hulikosi mwaka mzima. Saa 4 kwa siku zinatosha. Miche ikirefuka na kulala, mwanga ni haba. Jua la mchana linalopiga ndoo nyeusi nalo huchemsha mizizi.

Chomeka kidole mpaka pingili ya kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia. Majani ya chini yakigeuka manjano huku udongo ukiwa mbichi, umezidisha maji. Miche michanga ikikatikia shingoni, huo ni ukungu: ng'oa iliyoanguka, punguza msongamano, fungua dirisha. Vidukari hukaa chini ya majani. Wapulizie jioni maji lita 1 yaliyochanganywa na kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji, suuza asubuhi.

Anza kuvuna wiki ya 5 au ya 6, mimea ikifika sm 15. Kata mabua ya nje, sm 3 juu ya udongo, uache moyo wa katikati. Usizidi theluthi ya mmea kwa mara moja. Siku utakayoona bua nene linapanda juu na majani yake ni kama nyuzi, dania imeshaanza safari ya maua, na kukata bua hilo hakuirudishi. Joto na kiu huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana ndoo ya pili ipandwe wiki 3 baada ya ya kwanza.