Kutambua na Kudhibiti Wadudu Wafyonzao kwenye Nyanya za Bustani

Mwenye bustani ya nyanya Dodoma, hasa anayemwagilia kipindi cha kiangazi kati ya Mei na Novemba, aanze ukaguzi wake chini ya majani, kwa sababu wadudu wafyonzao hujificha huko, ilhali dalili zinazoonekana juu, yaani majani kugeuka njano au kujikunja, hufanana mno na zile za kukosa maji au mbolea.

Inzi weupe hutambulika upesi, kwani mmea ukitikiswa huruka kwa wingi kisha hutua tena. Vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, hukusanyika kwenye vichipukizi na kuacha majimaji matamu yanayonata, yanayovuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi. Utitiri mwekundu, unaoshamiri katika joto, ukavu na vumbi, huacha vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba; kwa kuwa una miguu minane na si mdudu halisi, dawa nyingi za wadudu haziuwezi, na zile kali huua maadui wake wa asili na kuuacha uzaliane bila kizuizi.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hailetwi na kufyonzwa kwenyewe bali na rasta, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe, ambao hudumaza mmea na kukunja majani yake kuelekea juu. Rasta haina tiba. Mmea ulioathirika ufunikwe kwa mfuko kabla ya kung'olewa, ili inzi wasihamie mimea jirani, kisha uzikwe. Kinga ya kweli huanzia kitaluni, kwa kufunika miche kwa neti yenye matundu madogo sana (chandarua cha kawaida hupitisha inzi weupe).

Kwa wadudu wenyewe, mwarobaini, ambao Dodoma haukosekani, unafaa. Twanga gramu 500 za kiini cha mbegu zake zilizokauka, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa na uongeze sabuni kidogo ili dawa ishike. Nyunyiza jioni, kwa kuwa jua huidhoofisha, ukilenga upande wa chini wa majani, na urudie baada ya siku 5 hadi 7 ili kuwapata walioanguliwa baadaye.

Ukilazimika kununua kiuatilifu, chagua kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, badilisha kundi la dawa kila baada ya muda ili wadudu wasijenge usugu, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko, maana nyanya za bustani huchumwa mara kwa mara.