SOMO: Potasiamu na fosfeti kwa mgonjwa wa figo anayelishwa kwa mshipa

Wiki hii nimepigiwa simu nne kwa swali hilo hilo, moja saa nane usiku: figo zimegoma, je, potasiamu na fosfeti (madini ya damu) viwekwe kwenye mfuko wa chakula cha mshipani au vitolewe? Naandika mara moja, basi.

1. Kabla ya kutundika mfuko, pima damu: potasiamu, fosfeti, magnesiamu, kalsiamu, sukari.

2. Vitamini B1 itangulie sukari.

3. Aliyekonda sana, anza na kilokalori 10 kwa kilo kwa siku. Panda polepole.

4. Hapa ndipo nilipochemka. Mama yuko ICU (chumba cha mahututi), figo zimegoma, anapumulia mashine. Potasiamu 6.1 (mmol/L), iko juu, fosfeti juu pia. Nikaagiza mfuko usio na vyote viwili, na hilo halikuwa kosa. Kosa ni kukaa siku tatu bila kupima tena; nilijiambia figo zimekufa, vitashukaje? Vinashuka! Sukari inaita insulini, insulini inavisukuma ndani ya seli, na mashine ya kusafisha damu nayo inachota. Siku ya nne fosfeti 0.3, chini mno. Tukimpunguzia mashine ya kupumulia, anahema kidogo, anachoka, maana misuli ya pumzi haifanyi kazi bila fosfeti. Pima kila siku, hasa saa 72 za mwanzo. Anayesafishwa damu mfululizo, usisubiri kesho kumpima tena. Na USICHANGANYE kalsiamu na fosfeti kwa kukisia. Vinaganda, chembe zinakwenda mapafuni. Muone mfamasia.

MASWALI

– Dokta, nitajie dozi ya fosfeti tu, nina haraka.
– Ya nani? Kilo ngapi? Anakojoa? Amesafishwa damu lini? Rudi na majibu.

– Nimepima dakika kumi baada ya kusafishwa damu, potasiamu 3.0, iko chini. Niongeze?
– ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikiwa shwari, subiri. Potasiamu nyingine inarudi yenyewe kutoka kwenye seli. Rudia baada ya saa chache.

– Kamwene. Niko Makete, huku kwenye baridi. Potasiamu za asubuhi zinatoka 6.8, juu ya kutisha, ila ECG haina neno na mgonjwa anapiga stori. Mashine ya maabara mbovu?
– Kamwene, ndugu. Damu inalala wapi?
– Dirishani, ikisubiri wa maabara.
– Juni hii dirisha lenu ni friji! Damu nzima ikipoa, chembe za damu zinavujisha potasiamu. Itenganishwe mapema. Ila mpaka sampuli mpya ijibu, mhesabuni kuwa yuko hatarini. Na msichote kwenye mkono wenye dripu.
– Asante sana. Akianza kula je? Ndugu wanaleta viazi na parachichi.
– Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, yaondoke na potasiamu. Parachichi tuachieni sisi wa zamu.