Ukimuuguza mgonjwa wa saratani ya ubongo mbali na hospitali

Kaka yangu alipotolewa uvimbe wa glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo, tulirudi nyumbani, safari ya saa saba, tukiwa na karatasi moja ya ruhusa na pakiti ya dawa. Mengi yaliyotutesa baadaye tungeyamaliza wodini, kwa hiyo naanzia huko.

Usitoke bila nakala ya picha za MRI, majibu ya kipande cha uvimbe kilichopimwa, na orodha ya dawa. Daktari wa hospitali ya karibu atakayempokea usiku wa manane hamjui mgonjwa wako. Hizo ndizo zitakazomweleza. Omba na namba ya simu ya muuguzi wa kitengo chenyewe.

Kisha uliza habari za tiba ya mionzi. Kwa kawaida ni vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Safari ndefu ya kila siku haitawezekana, mgonjwa atachoka aache katikati. Mwone ofisa ustawi wa jamii mapema akusaidie kupata pa kulala karibu. Kama mgonjwa ni mzee au dhaifu, uliza kama anafaa kupewa vipindi 15 kwa wiki 3.

Nyumbani, linda deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo. Kaka alipopata nafuu tulimpumzisha vidonge. Haikupita muda, kikombe kikamponyoka mkononi, akatapika, akalala mchana kutwa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, na anayeipunguza ni daktari. Msisubiri iishe ndipo mtafute nyingine.

Kifafa kikimshika, mlaze ubavu, utazame saa. Usimtie kijiko mdomoni. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, mkimbize hospitali iliyo karibu, si ile ya mbali. Vivyo hivyo akipata homa ya nyuzi 38 naye yuko kwenye kemo, yaani dawa za kuua saratani: usingoje kuche.

Niseme na hili, ingawa linauma: hata kwa tiba kamili, nusu ya wenye glioblastoma hawavuki miezi 15 hivi. Ombeni tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, tangu mwanzo, kwa ajili ya maumivu na usingizi. Na muulize mgonjwa anataka kuwa wapi, angali ana maneno, kwa sababu maneno huweza kuondoka kabla yake. Kaka alisema nyumbani, kitanda kielekee mlangoni. Tulikigeuza jioni ileile.